Gari la Usambara Huundwa kwa Ajili ya Kushuka

Ukisimama Mombo jioni, pale barabara ya Lushoto inapokutana na barabara kuu ya Segera kwenda Same, huhitaji kuuliza nani ameshuka mlima vizuri na nani ameshuka kwa rehema za Mungu. Pua inatosha. Breki iliyochemka ina harufu yake, kali na kavu, inayokwama kooni kabla hujaliona gari lenyewe. Gari lililoshushwa kwa gia halinuki kitu. Linakata kushoto kuelekea Korogwe au kulia kuelekea Same, na dereva wake wala hasimami kumwagia magurudumu maji.

Watu wa magari wakikutana, hadithi huwa za kupanda. Kila mmoja ana gari lake lililowahi kupanda Mtae katika masika, tope likifika kwenye ngazi, abiria wamebanana hadi juu ya keria. Kupanda kuna sifa. Lakini gari likishindwa kupanda husimama tu: utingo anaruka na kabari yake ya mti, anaitia nyuma ya tairi, abiria wanashuka wakinung'unika, fundi anaitwa. Likishindwa kushuka hakuna kabari wala mjadala. Ndiyo maana nimekuja kuamini kwamba mafundi wa Lushoto, Soni na Mlalo, wanaofufua Land Rover za miaka ya 1960 na 1970 kwa kuziunga vipande vya magari mengine, wanaunda gari ambalo kipaji chake kikuu ni kuteremka polepole.

Hesabu ya mlima wenyewe inawaunga mkono. Lushoto ipo karibu meta 1,400 juu ya usawa wa bahari; Mombo haifiki 500. Kati yao ni kilometa 33 hivi za kona, ukuta wa mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili, Soni ikiwa katikati. Na hapo unahesabu lami tu. Nyuma ya Lushoto kuna Magamba, na nyuma ya Magamba kuna Lukozi, Malindi, Mlalo na Rangwi, kwenye kabichi, karoti, viazi, nyanya na pilipili hoho zinazosubiriwa Tanga na Dar es Salaam. Saruji, bati na mbolea hupanda, sikatai. Ila mali ya mlima huu hushuka, na hushuka ikiwa imejazwa hadi springi zinalala.

Wajerumani, walioupa mji jina la Wilhelmstal kwa heshima ya mfalme wao, walilijua hilo mapema. Reli yao kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905 na haikuthubutu kuupanda mlima. Ilijipitia chini kwa chini kuelekea Moshi. Mbao za msitu wa Shume zilipotakiwa, kampuni ya Wilkins na Wiese ilijenga njia ya kamba za chuma kutoka juu hadi Mkumbara, na kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia magogo yalikuwa yakining'inia angani juu ya mabonde yakiteremshwa kwenye reli. Tatizo lilikuwa lile lile la leo: namna ya kuushikilia mzigo usikimbie.

Sasa nikupeleke mbali kidogo, hadi California, kwa sababu kule kuna watu ambao fundi wa Lushoto angeelewana nao kwa ishara tu.

Henry Ford alitengeneza gari lake la aina ya T kuanzia 1908 hadi 1927, na kufikia mwisho yalikuwa yametoka magari milioni 15. Lilikuwa na injini ya silinda nne, lita 2.9, nguvu za farasi 20. Magari mengi kiasi hicho yakizeeka, hugeuka kuwa chuma cha bei ya chini kabisa. Vijana wasio na fedha wakayaokota. Waling'oa madgadi, paa, vioo, hata milango. Wakashusha bodi karibu na ardhi. Wakatoa silinda hedi ya Ford na kuweka iliyobuniwa na wengine, kama zile za Frontenac za kina Chevrolet, ndugu waliokwisha kuachana na kampuni iliyobeba jina lao. Kabureta ikabadilishwa, pistoni zikapunguzwa uzito, kisha gari likapelekwa kwenye ziwa lililokauka la Muroc kupimwa mbio. Magari hayo ndiyo hotirodi. Ford A iliyofuata, yenye lita 3.3 na nguvu za farasi 40, ikawa kipenzi chao kipya. Mwaka 1932 Ford akaleta injini ya silinda nane na wengi wakahamia huko, lakini wapo hadi leo walioapa kutoiacha silinda nne. Wanamimina kwa mikono metali laini ya beringi za kranki, kwa kuwa injini hizo zilitengenezwa kabla ya beringi za kununua dukani na kupachika, na wanatafuta bloku zenye umri wa miaka tisini kama watu watafutavyo jamaa waliopotea.

Ukiondoa mbio, hiyo ni gereji bubu ya chini ya mparachichi pale Lushoto. Bodi kuukuu, injini kutoka kwingine, kisichouzwa kinakerezwa, na majaribio hufanywa kwenye barabara unayoijua.

Ford T yenyewe, kwa taarifa yako, ilikuwa na kisa na milima. Tangi la petroli lilikaa chini ya kiti na halikuwa na pampu. Petroli ilitiririka yenyewe kwenda kwenye kabureta. Mlima ukiwa mkali, kabureta inakuwa juu kuliko petroli, na injini inazima. Dereva mwenye akili aligeuza gari akapanda kinyumenyume. Gia ya nyuma ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote, kwa hiyo alipata faida mbili kwa mkupuo mmoja. Mtu aliyepitia njia ya Mgwashi wakati wa mvua hatacheka.

Jarida la wapenzi wa hotirodi lilianza kuchapishwa Marekani Januari 1948. Mwezi Aprili mwaka huo huo, kwenye maonyesho ya magari ya Amsterdam, kampuni ya Rover ya Uingereza ilionyesha kitu kilichotokana na shida za aina nyingine. Maurice Wilks, mhandisi wa Rover, alikuwa akitumia jipu la Wamarekani lililobaki vitani kwenye shamba lake kisiwani Anglesey, akaona kampuni yake inaweza kutengeneza la kwake. Chuma kilikuwa cha mgawo baada ya vita, hivyo bodi ikafanywa ya aluminiamu. Injini ilikuwa ya silinda nne, lita 1.6, nguvu za farasi 50 hivi. Land Rover ya kwanza, kwa maneno mengine, nayo ni gari la kuungaunga. Limeungwa na kampuni tu badala ya kijana wa mtaani.

Aina zilizoenea kwetu ni zile za baadaye, kuanzia toleo la pili la 1958 hadi la tatu lililotoka 1971 na kuendelea hadi 1985, fupi ya inchi 88 na ndefu ya 109. Injini yake ya petroli ya sentimeta za ujazo 2,286 ndiyo fundi wa mlimani anayoijua kama mgongo wa mkono wake, pamoja na dada yake ya dizeli ya ukubwa ule ule. Zilikuja na mabwana shamba, mapadri, madaktari na wakuu wa wilaya. Zikachoka, zikapigwa mnada, zikaingia vijijini, na huko ndiko zilikoanza kazi ya kweli. Leo mboga nyingi hushushwa na Fuso na Canter, abiria wamehamia kwenye Noah na bodaboda, na sioni aibu kusema kwamba Land Rover inazidi kusukumwa pembeni, kule ambako lami haijafika au imeliwa na maporomoko. Lakini huko pembeni bado ni mfalme.

Tazama kazi moja ndogo kuliko zote: kuseti tapeti.

Injini ya petroli ina vali nane zilizojipanga mstari mmoja. Fundi anafungua kifuniko cha juu, anakiweka kando juu ya gunia safi, kijana wake anashika hendeli ya mbele na kuizungusha injini taratibu kwa mkono. Hapo inakuja hesabu ambayo hufunzwa kwa mdomo, na ambayo inapatana na kitabu cha kiwanda: tisa. Vali ya nane ikiwa imekandamizwa hadi mwisho, unaseti ya kwanza. Ikiwa ni ya sita, unaseti ya tatu. Ya nne, unaseti ya tano. Ya saba, ya pili. Kila jozi ikijumlishwa inatoa tisa, na ukizungusha kwa mpangilio wa kuwaka wa silinda, moja, tatu, nne, mbili, hakuna vali itakayokupita. Nafasi inayotakiwa ni robo ya milimita. Kijiti cha kupimia kikipita kwa kukwaruza kidogo, kama kinavutwa kutoka katikati ya kurasa za kitabu kilichofungwa, nati inakazwa.

Ukiacha nafasi kubwa, injini inagonga kama cherehani na watu wote wa Soni wanajua unapita. Hilo si baya sana. Kosa baya ni kubana. Vali ya moshi hupoa pale inapokalia kiti chake. Ikibanwa isikae vizuri, joto halina pa kwenda, na baada ya mipando michache ya gia nzito kingo zake zinaliwa. Kompresheni inapotea kwenye silinda moja, gari linakuwa la silinda tatu, na mwenye gari anaanza kulalamikia petroli ya siku hizi. Fundi mzoefu hupenda tapeti zinazosikika kidogo. Mteja wa mjini hupenda injini kimya. Mlimani, msikilize fundi.

Hewa nayo ina mambo yake. Kwenye kimo cha Lushoto ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya asilimia kumi, na ukipanda Magamba inapungua tena. Kabureta iliyosetiwa Tanga itamwaga petroli kupita kiasi ikifika huku: plagi zinakuwa nyeusi, moshi unanuka, gari halivuti. Dereva hudhani injini imekufa kumbe imeshiba. Wanaoshinda juu wakati wote huweka jeti ndogo kidogo kwenye kabureta na mambo yanatulia. Ila gari hilo hilo likipelekwa pwani na kukimbizwa saa nzima litachemsha, kwa sababu sasa lina njaa.

Lakini nilisema hadithi ni ya kushuka.

Land Rover ya zamani ina kitasa chekundu kando ya gia, cha kuingiza gia nzito. Katika gia ya kwanza ya upande huo, injini huzunguka mara 40 hivi ili gurudumu lizunguke mara moja. Geuza maneno hayo utaona maana yake kwenye mteremko: gurudumu likitaka kuzunguka mara moja, lazima liiburute injini nzima izunguke mara 40. Haliwezi. Gari linateremka kwa mwendo wa mtu anayetembea, mguu wa dereva uko mbali na breki, na dramu zinabaki baridi kwa ajili ya siku ya ng'ombe kukatiza kwenye kona.

Sharti lake ni kuamua mapema. Kitasa chekundu huingizwa gari likiwa limesimama, na matoleo ya kwanza na ya pili hayana usaidizi wowote wa kuingiza gia ya kwanza na ya pili. Unakanyaga klachi, unatoa gia, unaachia, unapiga resi kidogo, unakanyaga tena, ndipo unaingiza. Ukikosea mteremko ukiwa umeshaanza, meno yanagoma, na sasa uko fri kwenye mlima, na kila sekunde inayopita mwendo unaongezeka na meno yanazidi kugoma. Wapo madereva wanaoingia fri kwa makusudi ili kuokoa mafuta. Mafuta wanayookoa kutoka Lushoto hadi Soni hayanunui hata sahani ya chipsi.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hudhani ni kinyume. Watu husema dizeli inashikilia gari vizuri kuliko petroli kwa kuwa kompresheni yake ni kubwa. Kwa injini za ukubwa huo mara nyingi siyo. Injini ya petroli, ukiachia mguu, mlango wa hewa wa kabureta unajifunga. Pistoni zinavuta hewa isiyokuwepo, na kuvuta huko ndiko kunakolishikilia gari. Dizeli haina mlango wa kufunga. Inavuta hewa tele, inaikandamiza, halafu hewa ile ile iliyokandamizwa inaisukuma pistoni irudi chini, kwa hiyo nguvu iliyotolewa inarudishwa sehemu kubwa. Ndiyo sababu malori makubwa yamefungiwa breki ya ekzosi, inayoziba njia ya moshi. Fundi anayetoa petroli na kuweka dizeli kwenye 109 anampa mwenye gari nafuu ya mafuta na mvuto mzuri wa kupandia, na bila kumwambia anamnyang'anya kipande cha breki. Mwenye gari asipobadili namna ya kushuka, atakuja kugundua mwenyewe kwenye kona za juu ya Soni.

Na mafuta ya breki yenyewe yananyonya unyevu wa hewani. Usambara ni nchi ya ukungu. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji kidogo, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. Dramu zilizopashwa moto na dereva wa kukanyagakanyaga zinafika huko bila shida. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, na pedali inazama hadi sakafuni ikiwa laini kama godoro. Baada ya nusu saa gari likipoa, breki zinarudi, na fundi anayeletewa gari haoni ubovu wowote. Kubadilisha mafuta hayo kila mwaka ni kazi ya chupa mbili na saa moja. Katika mambo yote yanayoachwa bila kufanywa kwenye magari yetu, hili linanikera kuliko yote.

Turudi kwenye upandikizaji wa injini, kwa maana hapa ndipo uhotirodi wa Lushoto unapoonekana waziwazi.

Injini ya asili ikifa kabisa, yaani bloku imepasuka au kranki imekwisha kukerezwa hadi kikomo, mwenye gari ana njia kadhaa. Ya kwanza, wanayoisifu wapenzi wa Land Rover, ni kutafuta injini ya 200Tdi, dizeli ya lita 2.5 yenye tabo iliyotoka mwisho wa miaka ya 1980. Ni ndugu wa injini ya zamani na inakubaliana na gia boksi ya zamani bila ugomvi mkubwa. Ndugu yake mdogo, 300Tdi ya 1994, ana nguvu za farasi 111, ila mpangilio wa matundu ni tofauti na unahitaji kazi zaidi. Njia ya pili ni ya Kijapani: injini za Toyota za silinda nne, 2L ya lita 2.4, 3L ya 2.8 au 5L ya lita 3, zilizotoka kwenye Hilux na Hiace. Spea zake zinapatikana kila kona, kuanzia Tanga hadi Gerezani pale Kariakoo, na hiyo peke yake inatosha kuwashawishi wengi.

Tatizo la njia ya pili ni kwamba injini ya Toyota na gia boksi ya Land Rover hazijawahi kuonana. Katikati yake huwekwa bamba nene la chuma linalotobolewa matundu ya pande zote mbili. Maelezo hayo yanasikika mepesi. Shafti ya gia boksi inaingia katikati ya flaiwili ya injini na kukalia bushi ndogo. Ikiwa vitovu viwili hivyo vimepishana hata kwa sehemu ndogo ya milimita, kila mzunguko unaipinda shafti kidogo, mara elfu kadhaa kwa dakika. Gari litawaka, litaondoka, mteja atalipa. Miezi michache baadaye beringi ya mbele ya gia boksi inaanza kulia. Fundi mzuri hachori bamba kwa macho. Anampelekea mkereza vyuma gia boksi na flaiwili pamoja, wanapima kutoka kitovuni, wanatoboa matundu mwisho. Fundi mbaya anatoboa matundu kwanza halafu anayapanua hadi bolti ziingie.

Kisha kuna spana. Land Rover ya zamani ni ya inchi, Toyota ni ya milimita, na gari moja sasa linataka visanduku viwili. Ukiona kichwa cha bolti kimeviringika, ujue kuna mtu alilazimisha 13 mahali pa nusu inchi.

Halafu nguvu. Gia boksi ya zamani na haf shafti za nyuma zilitengenezwa kubeba injini ya farasi sabini hivi. Ukiweka ya mia na ushee, udhaifu hauondoki, unahama. Kwanza klachi inateleza. Ukiikaza klachi, haf shafti inakatika, kwa kawaida ukiwa umejaza viazi na gurudumu moja limenasa. Ukiweka shafti ngumu, meno ya difu yanasagika. Vijana wa California walipita ngazi hizo hizo na Ford zao. Tofauti ni kwamba kwao ngazi ya mwisho ilikuwa kasi, na gari likivunjika limevunjika kwenye ziwa kavu, tambarare kama meza, bila bonde pembeni. Huku ngazi ya mwisho ni breki, na kwa bahati mbaya ndiyo fedha huwa imeisha kabla ya kuifikia. Nimeona magari yenye injini ya kisasa inayong'aa yakiwa bado na dramu zake za zamani kwenye magurudumu yote manne. Ningekuwa na amri, ningeanza na breki, halafu injini ingefuata mwaka unaofuata.

Ujuzi huu haukushuka kutoka mbinguni. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, mpaka na Kenya ukafungwa hadi 1983, na Kenya ndiko Land Rover zilikokuwa zikiunganishwa, kwenye kiwanda cha Thika. Fedha za kigeni zikaadimika, vita vya Uganda vikaja, na spea zikawa hadithi. Fundi wa miaka hiyo alikata gasketi kwa mkasi kutoka kwenye karatasi ngumu, akakereza bushi kutoka kwenye shaba ya mabomba, akachukua pistoni ya gari lingine na kuilazimisha iwe ndugu. Vijana wa siku hizi huwacheka wazee kwa kutunza kila bolti kwenye kopo la maziwa. Makopo hayo ni kumbukumbu za uchumi.

Hata mashindano yalipita huku. Safari Rally, iliyoanza 1953, ilipita nchi zote tatu za Afrika Mashariki katika miaka yake ya mwanzo, na njia za Usambara zilikuwa miongoni mwa zile zilizowatoa madereva jasho. Mwaka 1966 na tena 1967 ushindi ulichukuliwa na Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, na Chris Rothwell, wakiwa na Peugeot 404 ya silinda nne, lita 1.6. Mwaka 1963 na 1968 magari saba tu yalimaliza. Peugeot hizo zilifundisha kizazi kizima kwamba gari dogo lililofungwa vizuri hushinda kubwa lililofungwa hovyo. Siku hizi yapo mashindano ya magari ya zamani tu, yaliyoanzishwa Kenya 2003, lakini bajeti zake ni za watu wengine.

Nina neno moja la ugomvi na mafundi wetu, na najua watanijibu. Ni tabia ya kung'oa themostati. Gari likichemsha kwenye mpando, kitu cha kwanza kutupwa ni kile kidude kinachozuia maji yasizunguke injini ikiwa baridi. Kwa siku ile inasaidia. Lakini Lushoto ya Juni na Julai si Tanga. Asubuhi pumzi inaonekana. Injini isiyo na themostati hapa inafanya kazi baridi mchana kutwa, oili inakusanya maji na kugeuka uji chini ya kifuniko cha tapeti, kuta za silinda zinalika. Gari linachemsha kwa sababu rejeta imeziba kwa maji ya mto yaliyotiwa miaka kumi bila dawa ya kuzuia kutu. Zibua rejeta. Rudisha themostati.

Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la Land Rover, likiwa na lengo lililotangazwa la kuipita rekodi ya msafara wa Ujerumani wa 2018, magari 632. Zilikuja za kila rangi na kila umri, za watalii zilizopigwa nta na nyingine zilizofika na vumbi la kazi. Nilifurahi kuona picha zake. Hata hivyo gari lililosimama kwenye msafara halikuambii nani alitoboa lile bamba katikati ya injini na gia boksi, wala alipimia wapi. Natamani tamasha lijalo liwe na meza ya mafundi, boneti zikiwa wazi, na kila mmoja aeleze kazi yake mbele ya wenzake wanaojua kuuliza maswali mabaya.

Swali moja baya ni hili: gari la namna hii ni la mwaka gani? Chesisi ya 1969, gia boksi ya toleo la tatu, injini ya Hiace, difu ya nyuma kutoka Land Rover 110, milango ya asiyejulikana. Kwa sheria jibu lipo kwenye kadi, na kadi huandikwa namba ya chesisi na namba ya injini. Injini ikibadilishwa, kadi nayo inapaswa kubadilishwa kwa TRA, na wengi hawafanyi hivyo hadi siku ya kuuza, au siku askari mwenye muda wa kutosha anapoomba boneti ifunguliwe. Hapo injini nzuri kabisa, iliyolipiwa kwa jasho, inageuka kuwa kesi.

Kwa hiyo anayetaka kununua Land Rover kuukuu Lushoto asianze kwa kusikiliza injini. Aende mbele kulia, nyuma ya bampa, pale springi inapojishikiza kwenye chesisi. Huko ndiko namba ilikogongwa kiwandani kwenye matoleo ya pili na ya tatu. Achukue brashi ya waya na kitambaa chenye mafuta ya taa, asugue kutu na rangi taratibu hadi tarakimu zisomeke, azilinganishe na kadi moja baada ya nyingine. Zikilingana, ndipo aombe hendeli.